Oili ya gia ikitoka nyeupe kama maziwa: tafuta maji yalikopitia kabla ya kujaza mpya

Swali: "Nina injini ya boti ya HP 40, stroki mbili, naitumia baharini karibu kila siku. Juzi nilifungua skrubu ya chini ya mguu ili nibadilishe oili ya gia, ikatoka nyeupe kama maziwa. Mwenzangu mmoja anasema hilo ni la kawaida, niweke mpya niendelee. Mwingine anasema nichanganye na grisi ili maji yasiingie tena. Wa tatu anasema oili ya injini namba 40 inafaa kuliko ya gia namba 90 kwa sababu ni nyepesi. Injini inavuta vizuri, gia zinaingia, hakuna kelele. Nifanye nini? Na oili hii hujazwaje hasa? Nikimimina kwa tundu la juu inakataa kuingia."

Jibu: Umefanya vyema kufungua skrubu hiyo kabla injini haijaanza kulalamika. Wengi huikuta oili nyeupe siku gia zimeshagoma, na siku hiyo kinachotafutwa ni mguu mzima, yaani sehemu ya chini ya injini inayobeba propela, si chupa ya oili.

Hali uliyoikuta si ya kawaida. Weupe huo ni maji yaliyopigwapigwa na gia mpaka yakashikana na oili. Ukijaza mpya bila kujua maji yalipitia wapi, baada ya siku chache utaikuta nyeupe tena, na kila mzunguko wa namna hiyo unakula chuma ndani.

Kwamba injini inavuta vizuri, hilo lisikutulize. Meno ya gia ni manene na magumu, huvumilia oili mbovu kwa muda mrefu kiasi. Kinachoumia kimya kimya ni beringi. Ndani yake kuna gololi na roli nyembamba zenye uso laini kama kioo. Boti ikiegeshwa usiku, tone la maji ya chumvi hukaa juu ya uso huo na kuacha doa la kutu. Doa huwa kishimo, na kila roli inayopita juu ya kishimo hicho hukwanguka. Kelele unayoisubiri ni dalili ya mwisho.

Ili ujue pa kutafuta, tazama mguu ulivyo kwa ndani. Shafti ya wima inashuka kutoka kwenye injini na kuishia kwenye pinioni, gia ndogo inayoelekea chini. Pinioni hiyo inazungusha gia mbili kubwa kwa pamoja, ya mbele na ya rivasi, kila moja upande wake. Ukivuta lever ya gia, kipande chenye meno kilicho kwenye shafti ya propela kinateleza na kujishikiza kwenye mojawapo. Vyote hivyo vimo kwenye chumba kimoja, na kwa injini ya ukubwa wako chumba hicho huchukua oili isiyofika nusu lita. Oili unayochanganya na petroli haifiki huko hata tone.

Chumba hicho kina njia chache tu ambazo maji yanaweza kupita: gasketi ndogo mbili chini ya vichwa vya skrubu za oili, sili (pete za raba zinazozuia maji na oili kupita) za shafti ya propela, ambazo kwa kawaida ni mbili, oringi ya kifuniko kinachobeba shafti hiyo, sili za shafti ya wima, zilizojificha chini ya pampu ya maji, na sili ya fimbo ya kubadilishia gia. Ya mwisho ni ufa kwenye mguu wenyewe, kama uliwahi kugonga mwamba.

Watu wengi hushangaa maji yanaingiaje wakati hakuna oili inayovuja nje. Jibu liko kwenye joto. Injini ikifanya kazi, oili na hewa kidogo iliyo juu yake hupata moto na kutanuka, na hewa hiyo husukuma kutafuta pa kutokea. Ukizima, mguu uko ndani ya maji baridi. Kilichotanuka kinanywea, na chumba kinaanza kuvuta kama bomba la sindano. Mdomo wa sili uliochoka, au gasketi iliyokwisha kubanwa mara tatu, huachia tone moja la maji kuingia. Kesho tena tone lingine. Kwa mtu anayetoka kila siku, matone hayo yanatosha kuifanya oili yote kuwa maziwa.

Sasa ushauri wa wenzako. Grisi haitiririki. Gia zikizunguka ndani yake zinachimba mfereji, zinaisukuma pembeni, kisha zinasagana kavu, na beringi za juu zinazotegemea oili iliyorushwa na gia hazipati kitu. Wala grisi haizibi sili iliyochanika. Tafadhali usiiweke.

Kuhusu namba 40 na namba 90, hapo kuna kutoelewana kwa kweli, maana vipimo hivyo ni viwili tofauti. Oili ya gia SAE 90 ina uzito unaokaribiana na oili ya injini SAE 40 au 50. Namba kubwa haina maana ya uzito maradufu. Tofauti iko kwenye dawa zilizomo: oili ya gia ina viungo vya kuhimili mgandamizo mkali pale jino linapotelezea juu ya jino. Oili ya injini haina viungo hivyo kwa kiwango kinachotakiwa. Soma kitabu cha injini yako. Injini nyingi za kazi za stroki mbili huandikiwa oili ya gia SAE 90 au 80W-90, ya daraja GL-4 au GL-5. Kama una nafasi ya kuchagua, chukua ile iliyotengenezwa kwa injini za boti, kwa sababu ina kinga zaidi dhidi ya kutu na huhimili unyevu kidogo bila kupoteza nguvu. Oili ya gia ya gari yenye namba na daraja ambalo kitabu kinalikubali inafaa pia, ila haina huruma hiyo maji yakiingia, kwa hiyo ikague mara nyingi zaidi.

Kabla ya kuanza, andaa bisibisi bapa yenye ulimi mpana unaojaza ufa wote wa skrubu, chombo cha kupokelea, gasketi mbili mpya, kitambaa cheupe, na chupa au pampu ya mkono yenye mdomo unaobana kwenye tundu la chini. Mdomo huo lazima ulingane na nyuzi za tundu. Ukilazimisha wa kipimo kingine utaharibu aluminiamu ya mguu, na hilo ni tatizo kubwa kuliko ulilonalo sasa.

Kwa injini yenye afya, oili hubadilishwa ikiwa vuguvugu baada ya kuiendesha dakika chache, nayo hutoka vizuri. (Injini iwe inapata maji ya kupoza, impela ya raba iliyo ndani ya pampu ya maji ikizunguka kavu huharibika ndani ya sekunde chache.) Kwako nashauri kinyume. Simamisha mguu wima kabisa, uache usiku kucha bila kuuwasha. Maji yasiyoshikana na oili ni mazito kuliko oili, yatashuka chini. Asubuhi, legeza skrubu ya chini nusu mzunguko tu, uweke chombo cheupe au cha kioo, ukinge kijiko kimoja cha mwanzo. Yakitangulia matone ya maji matupu yanayoonekana, ndipo oili ikafuata, maji yaliyoingia ni mengi na pengine yanaingia kila siku. Ikitoka oili ya maziwa tangu tone la kwanza, maji ni machache au yameingia polepole kwa muda mrefu.

Hapa kuna hatari ya kufungua skrubu isiyo yake. Kwenye baadhi ya injini za Johnson na Evinrude za zamani, karibu na skrubu ya oili kuna nyingine yenye kichwa cha nyota. Hiyo inashikilia mfumo wa kubadilishia gia kwa ndani. Ukiitoa, vipande vinaachana humo, na kuvirudisha kunahitaji kuufungua mguu. Skrubu za oili ni mbili, moja chini na moja juu yake kwenye ubavu, na baadhi ya injini kubwa zina ya tatu. Kama huna hakika, linganisha na mchoro wa kitabu kabla ya kugusa.

Skrubu iliyoganda kwa chumvi usipambane nayo kwa mkono wa hasira. Weka bisibisi ikiwa imenyooka, gonga kichwa chake kwa nyundo mara mbili tatu ili kuvunja kutu, kisha sukuma kwa uzito wa mwili huku ukizungusha. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto kikifunikwa mahali hapo kwa dakika chache husaidia, maana aluminiamu hutanuka kuliko chuma. Ikishindikana, tafuta bisibisi ya kugongea. Ufa ukishatafunika, kazi inahamia kwenye kuchimba kwa drili.

Toa skrubu ya chini kabisa, kisha ya juu. Mara hewa inapopata njia, oili hutoka kwa kasi. Iache nusu saa. Wakati huo itazame vizuri, kwa sababu hapa ndipo mguu unapokuambia hali yake. Skrubu nyingi za chini zina sumaku. Ukikuta juu yake tope laini la kijivu, ukilipaka kati ya vidole ni laini kama poda na halikwaruzi, huo ni uchakavu wa kawaida. Ukikuta chembe unazoweza kuziokota kwa ukucha, vipande vyenye ncha au vibapa kama magamba, kuna jino au beringi inayovunjika, na kazi ya kubadilisha oili inaishia hapo. Mimina pia oili kidogo kwenye kitambaa cheupe juani. Vumbi la rangi ya dhahabu lisiloshikwa na sumaku hutoka kwenye washa au bushi za shaba. Likiwa kidogo, lifuatilie. Likiwa jingi, mguu ufunguliwe. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua imepita muda wake au imefanya kazi ikiwa pungufu. Weusi bila harufu huenda ni dawa ya oili yenyewe, maana nyingine zina rangi nzito tangu chupani.

Pima pia kiasi kilichotoka. Kitabu kikisema mililita 430 na wewe umepata 300, zilizopungua huenda zilivuja mahali, na palipovuja oili maji nayo yanaweza kuingia.

Usijaze bado. Mguu ukiwa mtupu ndio wakati wa kutafuta maji yalikopitia.

Anza na kitu rahisi kuliko vyote, gasketi za skrubu. Zitazame zilivyo: zimebapuka, zina alama ya duara iliyozama, pengine upande mmoja umepasuka, au mbili zimerundikana kwa sababu ya zamani iliganda tunduni ikafunikwa na mpya. Miguu mingi iliyojaa maji ilipona kwa kubadilisha hizi tu. Zinatakiwa mpya kila unapofungua, hata kama zinaonekana nzima.

Ya pili ni nyuma ya propela. Vuta kamba ya kuzimia injini na uchomoe vifuniko vya plagi kwanza, kwa kuwa kuzungusha propela kwa mkono ikiwa kwenye gia kunaweza kuwasha injini. Nyoosha pini, fungua nati, toa washa na propela, ukipanga kila kimoja kwa mfuatano wake. Sasa angalia kwenye mzizi wa shafti. Kwa injini inayofanya kazi penye uvuvi, mara nyingi utakuta mshipi wa nailoni umejiviringa pale kwa kukaza, umeyeyuka kwa joto na kuwa pete ngumu. Pete hiyo hukata mdomo wa sili kama wembe. Itoe yote kwa kisu kidogo bila kuchuna shafti. Halafu pitisha ukucha juu ya shafti mahali mdomo wa sili unapokaa. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, sili mpya peke yake haitadumu, kwa sababu itakaa kwenye mfereji uleule. Ukirudisha propela, paka grisi ya majini kwenye meno ya shafti na uweke pini mpya.

Ya tatu ni sili za shafti ya wima. Hizo hazionekani mpaka mguu ushushwe na pampu ya maji iondolewe, hivyo ni busara kuzibadilisha pamoja na impela, kazi iwe moja.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni cha hewa. Funga skrubu ya chini kwa gasketi mpya, unganisha pampu ndogo yenye geji kwenye tundu la juu, upandishe hadi bar 0.3 na usubiri. Usirukie shinikizo kubwa. Sili iliyochoka wakati mwingine huvuja kwenye shinikizo dogo na kushika kwenye kubwa, kwa vile hewa nyingi huubana mdomo wake dhidi ya shafti. Kisha panda hadi bar 0.7. Usizidi kipimo cha kitabu, usije ukazisukuma nje sili zilizo nzima. Zungusha shafti ya propela polepole, badilisha gia, huku umepaka maji ya sabuni kila kiungo. Mshale wa geji usimame tuli. Ukishuka, mapovu yatakuonyesha mahali. Fundi yeyote anayejua kazi anaweza kukufanyia kipimo hiki kwa dakika chache, na ningekushauri ukitake hata kama hujafungua kitu kingine.

Ukisharidhika kwamba chumba kinashika, jaza. Oili uliyomimina juu ilikataa kwa sababu ni nzito na tundu ni jembamba. Oili inaziba njia ambayo hewa ya ndani inatakiwa kutokea, na hata ikiingia kidogo, mifuko ya hewa hubaki chini. Oili hii hujazwa kutoka chini kwenda juu. Mguu ukiwa wima, banisha mdomo wa pampu kwenye tundu la chini na usukume polepole, hewa ikitoka juu. Kwanza itatoka hewa, kisha povu, kisha oili. Endelea mpaka itoke oili tupu isiyo na mapovu. Sasa, pampu ikiwa bado imebana chini, rudisha skrubu ya juu na gasketi yake mpya uikaze. Ukiifunga ya juu kwanza, oili haina hewa ya kuisukuma, itaning'inia ndani muda wa kutosha wewe kuchomoa pampu na kuweka skrubu ya chini, na utapoteza vijiko viwili vitatu tu. Ukigeuza mfuatano huo, nusu ya oili itaishia kwenye karai.

Kaza kwa nguvu ya wastani. Skrubu za nyuzi za milimita 8 kwenye injini nyingi hutakiwa takribani Nm 9, yaani kukaza kwa mkono mmoja kwa bisibisi nzuri, si kuning'inia. Subiri saa moja hewa iliyobaki ipande, fungua skrubu ya juu uone kama oili bado iko kwenye ukingo wa tundu, ongeza kutoka chini kama imeshuka. Linganisha kiasi kilichoingia na cha kitabu. Pengo kubwa lina maana moja: kuna hewa humo.

Kwa kuwa yako ilikuwa maziwa, utando mweupe umebaki kwenye kuta na ndani ya beringi. Endesha dakika 10 hadi 15 kwa mwendo mdogo, ukiingiza mbele na rivasi, kisha mwaga oili hiyo na ujaze tena. Usisuuze kwa mafuta ya taa halafu ukaendesha. Yanaondoa utando wa oili na kuziacha beringi uchi. Oili zote ulizomwaga ziweke kwenye dumu lenye kifuniko na uzipeleke zinakokusanywa, zisiingie majini.

Kuna kazi ambazo nakuomba usizifanye mwenyewe. Vipande vya chuma, gia inayoruka ukiongeza mwendo, shafti ya propela inayocheza ukiitikisa juu na chini, mfereji kwenye shafti, ufa, au mapovu yanayotoka kwenye kifuniko cha beringi kilichoganda kwa chumvi: vyote hivyo ni vya fundi mwenye vifaa vya kuchomolea na vya kupimia. Ndani ya mguu kuna shimu, washa nyembamba zinazopanga nafasi kati ya meno ya gia. Mtu akizirudisha bila kupima, gia mpya husagika mapema.

Na kama leo huwezi kutengeneza na lazima utoke? Mwaga kila jioni, jaza oili mpya, nenda taratibu na usiende mbali. Usiruhusu maziwa yakae humo usiku. Hiyo ni njia ya kukufikisha kwa fundi, ichukulie kwa siku, si kwa wiki.

Baada ya hapo kagua mapema kuliko kalenda. Vitabu vingi hutaka oili ya kwanza ya injini mpya ibadilishwe kwenye saa 10 au 20, kisha kila saa 100 au miezi 6, kinachotangulia. Wewe ukitoka saa tano kwa siku, saa 100 ni siku 20 tu, na hesabu ya "mara moja kwa mwaka" haikuhusu. Kwa sasa endesha saa 10, simamisha mguu usiku kucha, legeza skrubu ya chini na ukinge matone machache. Ukungu hafifu ni mabaki ya ile ya zamani. Badilisha mara moja zaidi. Tone la maji likitangulia, au weupe ukirudi kama mwanzo, basi bado panapita maji, na nafasi inayofuata ya kutazama ni sili za shafti ya wima chini ya pampu.